Utepe mwekundu: nilivyofuta stakabadhi za korosho kwa kukosea dirisha

Ilikuwa Oktoba, misimu mitatu iliyopita, saa nne kasorobo usiku. Nilikaa barazani kwangu, Majengo, Mtwara mjini, laptopu juu ya stuli, feni inazungusha hewa ileile ya moto. Mbele yangu madirisha mawili meusi ya terminali, yale ya kuiamuru kompyuta kwa kuandika, ubavu kwa ubavu. La kushoto lilikuwa la kompyuta yangu, ambamo nina nakala ya mfumo ya kuchezea. La kulia limeunganishwa na seva tuliyokodi ng'ambo, ambamo mfumo wenyewe unaishi: ule ambao chama cha msingi kimoja upande wa Nanyamba kinautumia kuandika korosho za kila mkulima zinapopimwa. Mnada ulikuwa kesho yake.

Madirisha yote mawili yaliandika hivi:

root@ubuntu:~/korosho#

Nikaandika ./safisha.sh, nikagonga Enter. Hiyo ni skripti yangu mwenyewe, yaani faili la amri zinazoendeshwa kwa mfululizo. Kazi yake ni kufuta majedwali yote na kuweka wakulima 20 wa uongo ili nijaribie ripoti. Baada ya sekunde mbili ikanijibu kwa uchangamfu nilioupanga mwenyewe:

Tayari! Wakulima 20 wa majaribio wamewekwa.

Nikafungua ripoti kwenye kompyuta yangu, nikakuta takwimu za zamani hazijaguswa. Nikasema labda haikufanya kazi. Nikairudia. Dirisha lilelile, amri ileile, "Tayari!" ileile.

Simu ikaita. Mzee wetu katibu wa chama.

"Mwanangu, samahani kwa usiku huu."

"Shikamoo mzee. Hakuna shida."

"Marahaba. Hivi huyu Mkulima wa Majaribio Namba Saba ni wa kijiji gani? Ananitatiza. Ana kilo elfu tisa."

Sikumjibu. Nilitazama dirisha la kulia, nikaona "Tayari!" mbili zimepangana, moja juu ya nyingine. Magoti yaliniisha nguvu nikiwa nimekaa.

Kwa ambaye hajawahi kukaa mbele ya terminali: promti ni yale maandishi mafupi yanayokungoja mwanzoni mwa mstari kabla hujaandika amri. Inayoyaandika ni sheli, ile programu inayopokea amri zako. (Hapa kwetu ukisema unaenda sheli watu wanajua unaenda kuweka mafuta, kwa hiyo ofisini tumezoea kuiita kwa jina lake, Bash.) Promti ikikaa vizuri inakwambia wewe ni nani, uko kwenye mashine ipi na ndani ya folda gani. Yangu ilikuwa inaniambia yote matatu, tena kwa usahihi. Ila ilikuwa inasema maneno yaleyale pande zote mbili.

Chanzo chake si muujiza. Seva ilipowekwa, aliyetuwekea aliacha jina lililokuja nayo: ubuntu. Mimi nami kwenye laptopu nilikuwa na mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) niliyoisimika kwa haraka, nikaacha jina lilelile. Kote nilikuwa naingia kama root, mtumiaji mwenye madaraka yote, kwa uvivu wa kuandika sudo, amri ya kuyaazima madaraka hayo pale tu unapoyahitaji. Folda ya mradi kote inaitwa korosho. Na ile skripti ya kusafisha nilikuwa nimeihifadhi pamoja na msimbo mwingine, basi kila nikisasisha seva na yenyewe inaingia huko, inakaa pembeni ya data za watu kama kiberiti jikoni. Ukiyahesabu hayo makosa ni manne, na promti ni mmoja tu wa mashahidi. Lakini ndiye shahidi aliyekuwa mbele ya macho yangu.

Bakapu (nakala ya akiba ya data) ya mwisho ilikuwa ya Jumanne usiku, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumla ya kilo za chama zilikuwa salama kwa sababu ghala kuu lina hati zake, kwa hiyo mnada haukukwama. Kilichopotea ni mchanganuo: nani kaleta kilo ngapi Jumatano na Alhamisi, maana yake nani alipwe nini benki. Stakabadhi 412.

Tuliziingiza upya kutoka kwenye vitabu vya karatasi. Niliwachukua makarani wawili kutoka mjini kwa siku mbili, 20,000 kila mmoja kwa siku. Nauli ya basi dogo na bodaboda za kwenda na kurudi, 46,000. Bando na vocha 20,000. Chai, chapati na wali wa watu wanne waliokuwa wanakesha kwa ajili ya kosa langu, 40,000. Jumla 186,000, na nikaitoa mfukoni mwangu kwa sababu sikuwa na uso wa kuidai kwa mtu mwingine.

Stakabadhi moja ilitupa kazi kuliko zote. Nakala ya kitabuni ilikuwa imefifia, tarakimu haisomeki kama ni 63 au 68. Tukaenda kwa mwenyewe, bibi mmoja ambaye nyumba yake ipo mwisho wa kijiji, mabibo yameanikwa uwanjani kwenye mkeka. Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara tatu hadi ikawa kama punje ya dawa. Kilo 63. Akaniuliza, wala si kwa hasira, "Kwani mjukuu wangu, kompyuta nayo inasahau?" Nikamwambia haisahau, ilisahaulishwa.

Niliporudi mjini nilianza na promti, si kwa kuwa ndiyo tiba kubwa kuliko zote. Bakapu za kila saa ni muhimu zaidi, na kuiondoa ile skripti kwenye seva kulinichukua dakika moja. Ila promti ndicho kitu nitakachokitazama mara mia kwa siku, na nilitaka kile ninachokitazama mara mia kinifae walau mara moja.

Bash iliandikwa na Brian Fox, ikatoka mwaka 1989, na promti yake inatunzwa kwenye kigeu (jina linalobeba thamani) kiitwacho PS1. Ukiandika echo "$PS1" kwenye Ubuntu utaona kitu kama hirizi: vistari nyuma, mabano ya mraba, alama za dola. Usiogope. Vipande vinavyohitajika ni vichache. \u ni jina la mtumiaji, \h ni jina la mashine, \w ni folda uliyomo, \A ni saa na dakika, \n inashusha mstari. \$ inaandika alama ya dola kwa mtu wa kawaida na alama ya reli, yaani #, kwa root. Hiyo reli peke yake ni onyo la miaka mingi, ila jicho likishaizoea linaipita kama linavyoipita alama ya barabarani iliyopauka.

Jambo la kwanza ningependa mtu aniambie siku ile: jaribia kwenye dirisha lenyewe, usianze na faili. Andika

PS1='\u@\h:\w\$ '

na promti inabadilika papo hapo. Ukiharibu, funga dirisha, fungua jingine, yote yamerudi. Ukishapenda ndipo uipeleke kwenye .bashrc, faili ambalo Bash inalisoma kila inapofunguka, na hata hapo tengeneza nakala ya faili kwanza. Kama ni seva ya mbali, acha muunganisho mmoja wa pili wazi wakati unahariri. Nilijifunza hili baada ya kuacha nukuu moja bila kuifunga, nikabaki na sheli isiyonielewa.

Mimi niliruka moja kwa moja kwenye rangi. Nilitaka seva iwe na utepe mwekundu usiokwepeka. Rangi kwenye terminali zinaitwa kwa namba: 31 maandishi mekundu, 32 kijani, 33 njano, 41 mandhari mekundu, na 0 ya kurudisha hali ya kawaida. Nikaandika

PS1='\e[41m SEVA HALISI \e[0m \w\$ '

Utepe ukaja, mwekundu kweli. Nikafurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu naandika amri ndefu ya kutoa bakapu, nikafika ukingo wa kulia wa skrini, na badala ya maandishi kushuka mstari unaofuata yakarudi mwanzoni mwa mstari uleule na kuanza kuandika juu ya yale niliyokwisha kuyaandika. Nikabonyeza mshale wa juu kutafuta amri ya zamani, nusu ya amri iliyotangulia ikabaki skrini imeganda, mpya imeandikwa juu yake. Nilichokiona sicho kilichokuwa kitatekelezwa. Yaani nimeweka alama ya hatari, na alama yenyewe imekuwa hatari.

Sababu ni hii. Bash inahesabu urefu wa promti ili ijue mstari unaishia wapi. Namba za rangi hazichukui nafasi yoyote kwenye skrini, lakini Bash haijui hilo mpaka uiambie, kwa hiyo inazihesabu kama herufi na hesabu yote inapinda. Unaiambia kwa kuzifungia ndani ya \[ na \]:

PS1='\[\e[41m\] SEVA HALISI \[\e[0m\] \w\$ '

Kila namba ya rangi ndani ya jozi yake, kila neno linaloonekana nje ya jozi. Ukiona terminali yako inajiandikia juu yake yenyewe, kabla ya kulaumu kibodi au intaneti, nenda ukahesabu mabano. Ninayoyaona yakisumbua watu zaidi ni haya.

Halafu rangi zenyewe. Bluu ya kawaida juu ya nyeusi usiku inasomeka kwa shida, na mchana barazani, jua la Mtwara likikupiga begani, haipo kabisa. Niliyaacha maandishi ya folda yawe samawati isiyokoza, namba 36. Lakini somo kubwa la rangi alinipa mwanafunzi aliyekuja kwetu fildi mwaka uliofuata. Nilimwonyesha kwa majivuno: nyekundu ni seva, kijani ni nyumbani. Akanyamaza kidogo, akasema, "Samahani mkuu, mimi hizo mbili naziona kama moja." Hatofautishi nyekundu na kijani, tangu kuzaliwa. Bahati nzuri utepe ulikuwa na maneno ndani yake. Tangu siku hiyo rangi kwangu ni mbolea, neno ndilo shamba. Kama ukiondoa rangi zote na bado unajua uko wapi, promti yako imekaa sawa.

Baada ya ule utepe nikaingia kipindi cha ulevi, na nisikifiche. Ukishajua kwamba unaweza, unataka kila kitu: tawi la git (git ni programu ya kutunza matoleo ya msimbo, tawi ni toleo unalolifanyia kazi), saa, chaji ya betri, vialama vya moto na roketi. Zipo programu za kuvaa promti kama Starship na Oh My Posh, na ni nzuri kwa anayezihitaji. Mimi sikuzihitaji, nilitaka mapambo. Alama zao nyingi zinahitaji fonti maalumu, nami fonti niliiweka kwenye laptopu yangu tu. Nilipoketi kwenye kompyuta ya chama kule Nanyamba nikaunganishwa na seva, promti ilikuwa msururu wa viboksi vitupu. Karani alinichungulia begani akauliza kama imeingia virusi.

Cha tawi la git kina mitego miwili. Wa kwanza ni nukuu. Niliandika PS1 kwa nukuu mbili ("), na ndani yake $(git branch --show-current). Kwa nukuu mbili, Bash inaendesha ile amri mara moja tu, wakati unaipanga promti, na jibu linakauka humo. Nilihama tawi, promti ikaendelea kudai nipo tawi la jana. Nikahifadhi kazi ya asubuhi nzima mahali pasipo pake. Kwa nukuu moja ('), amri inahifadhiwa kama ilivyo na kuendeshwa kila promti inapoandikwa. Alama ndogo sana hiyo, ila inatenganisha saa inayotembea na picha ya saa ukutani. Promti isiyo na habari ni afadhali kuliko yenye habari ya jana.

Mtego wa pili ni uzito. Nilitaka ionyeshe pia kama kuna faili nilizozibadilisha. Folda yangu ilikuwa na picha za stakabadhi zilizopigwa skani, maelfu, kwa hiyo kila Enter ikawa inangoja git ikague folda nzima. Sekunde moja na nusu, kwa amri tupu isiyofanya lolote. Nikaondoa. Kwenye seva sikuweka git kabisa; pale sihariri msimbo, sasa tawi nilijue la nini?

Kosa jingine lilikuwa la adabu. Nilitaka seva imkaribishe mtu, nikaweka juu kabisa ya .bashrc mstari wa echo unaoandika "KARIBU SEVA HALISI, KUWA MAKINI". Wiki ikapita. Siku moja naangalia folda ya bakapu ofisini, ya mwisho ni ya siku sita nyuma. Scp, programu ya kunakili mafaili kati ya mashine, iliyokuwa inazivuta kila usiku ilikuwa inafeli kwa ujumbe huu:

Received message too long 1262572105

Nililala na hiyo namba. Inasema ujumbe uliopokelewa una urefu wa zaidi ya bilioni moja, na faili langu halifiki hata megabaiti 40. Baadaye nikaelewa kuwa siyo urefu wowote. Programu ya kunakili inategemea baiti nne za mwanzo ziwe namba ya urefu, na zilizofika ni herufi K, A, R, I. Ukizisoma herufi hizo nne kama namba moja, unapata 1262572105. Karibu yangu ndiyo iliyokuwa inaziba mlango. Na kama ningefuta tena data wiki ile, ningekuwa sina kitu, kwa sababu ya salamu.

Basi usiandike chochote kinachochapisha maneno juu ya ile sehemu ya .bashrc inayouliza kama sheli ina mtu mbele yake. Kwenye Ubuntu sehemu hiyo ipo mwanzoni mwanzoni, nami nilijipitisha mbele yake. PS1 yenyewe haina tatizo hilo, kwa sababu inachapishwa mtu anapokuwepo tu.

Kulikuwa na shimo jingine sikulijua kwa miezi. Kufikia hapo nilikuwa nimeacha kuingia kama root; naingia kwa jina langu, na utepe upo kwenye .bashrc yangu. Nikihitaji madaraka makubwa naandika sudo -i. Siku moja nikaangalia vizuri: nikishakuwa root, utepe unatoweka. Root ana .bashrc yake ndani ya /root, haijui habari za yangu. Yaani onyo lilikuwapo nikiwa mtu mdogo, na lilikuwa linaondoka pale hasa ninapoweza kubomoa nyumba. Nikaiandika promti kwenye faili moja, /etc/promti.sh, na mwisho wa kila .bashrc, ya kwangu, ya root na ya mwenzangu, nikaongeza mstari wa kuisoma:

. /etc/promti.sh

Ndani yake mkaja kuwa na hivi, baada ya misimu mitatu ya kuongeza na kupunguza:

weka_promti() {
  local hali=$?
  PS1='\n\[\e[1;37;41m\] SEVA HALISI \[\e[0m\] \u@\h \A\n'
  PS1+='\[\e[36m\]\w\[\e[0m\]'
  [ $hali -ne 0 ] && PS1+=" \[\e[33m\]imegoma $hali\[\e[0m\]"
  PS1+='\n\$ '
}
PROMPT_COMMAND=weka_promti
PROMPT_DIRTRIM=2

PROMPT_COMMAND ni amri ambayo Bash inaiendesha kabla ya kila promti. Mstari wa kwanza wa ndani unakamata $?, ambayo ni hali ya amri iliyopita: 0 ikifaulu, namba nyingine ikigoma. Lazima uwe wa kwanza. Nilipouweka wa tatu ulikuwa unaniletea hali ya mistari yangu mwenyewe, kila kitu kimefaulu daima, kama ripoti za vikao fulani. Ukiona 127, amri haikupatikana, mara nyingi umekosea herufi. 130 ni wewe umeikatisha kwa Ctrl na C. Ila usishtuke na kila namba: grep isipoona neno unalotafuta inarudisha 1, na hapo hakuna kilichoharibika.

Mstari mtupu kabla ya utepe unatenganisha amri moja na nyingine. Unapopandisha skrini kutafuta ulichokifanya saa mbili zilizopita, utepe na saa vinakuwa kama mawe ya mpaka shambani. Na amri yenyewe inaanzia mstari wake, kushoto kabisa, haisukumwi na jina refu la folda. Hili nililipenda zaidi siku niliyolazimika kurekebisha kitu kwa simu, kwa Termux, programu ya terminali ya kwenye simu, ndani ya basi la Lindi. Skrini ya vidole vitatu, na promti ya zamani ingekula mstari mzima kabla sijaandika herufi. PROMPT_DIRTRIM=2 inasaidia hapohapo, inaonyesha folda mbili za mwisho tu na kufupisha za nyuma kwa nukta tatu.

Kwenye laptopu faili ni lilelile, tofauti ni utepe: 30;42, na neno NYUMBANI.

Mambo mawili hayamo kwenye promti ya Bash lakini ni ndugu zake. Jina la mashine nililibadilisha kwa hostnamectl set-hostname ghala-halisi. Ukifanya hivyo kumbuka kuliweka jina jipya kwenye /etc/hosts pia, la sivyo sudo itakulalamikia kila mara kwamba hailijui, kisha utoke na uingie upya ndipo \h ilione. Na MariaDB, programu inayotunza hifadhidata yetu, ina promti yake. Ukishaingia ndani ya hifadhidata, utepe wa Bash umebaki juu huko, umepanda na skrini, na kinachokungoja ni alama ya MariaDB iliyo sawa kila mahali. Kwenye faili la ~/.my.cnf la seva niliongeza

[mysql]
prompt="SEVA HALISI [\\d]> "

na \\d inaandika jina la hifadhidata uliyoifungua. Hapa hakuna rangi. Neno linatosha.

Mtu ataniuliza kama utepe umewahi kunizuia kweli. Mara mbili ninazozikumbuka. Moja ilikuwa Novemba ya mwaka jana, usingizi umenijaa, nimeandika amri ya kurudisha bakapu ya zamani ili nijaribie kitu, kidole kipo juu ya Enter. Nikaona nyekundu pembeni ya jicho. Nikafuta herufi moja moja badala ya kuikatisha, sijui kwa nini, labda mkono ulikuwa unatetemeka. Ya pili siisimulii, kwa sababu hiyo nilikuwa macho makavu.

Mzee katibu hajaacha. Msimu ukifunguliwa, kabla ya habari za nyumbani ananiuliza, "Namba Saba hajambo? Mwaka huu kaleta ngapi?" Namjibu kaleta elfu tisa kama kawaida yake, anacheka mpaka anakohoa.

Mwezi uliopita yule kijana wa fildi, ambaye sasa ni mwenzangu kazini, aliingia kwenye seva kabla yangu asubuhi. Nilipoingia nikakuta utepe umebadilika. Wekundu wake ni uleule, ila ndani hamkuandikwa tena SEVA HALISI. Kaandika KOROSHO ZA WATU. Nimeuacha hivyo.